Ufunguo Umo Pindoni

Mama mkwe wangu alikubali tununue fyekeo la trekta kwa sharti moja: aende mwenyewe kulitazama. Shamba ni lake, na trekta lilinunuliwa na marehemu mumewe, kwa hiyo hapakuwa na wa kubisha. Mume wangu alijaribu kumweleza kwamba safari ni ndefu, jua ni kali, na mambo yenyewe ni ya vyuma. "Hivyo vyuma vitalala nyumbani kwa nani?" akauliza, akaenda kutafuta viatu vyake.

Tunaishi Muheza, upande unaopanda kuelekea milima ya Usambara Mashariki, na riziki yetu ni machungwa. Anayeyanunua machungwa sokoni hazioni nyasi zake. Masika yakianza Machi, ifikapo Juni nyasi katikati ya mistari zimefika kiunoni; ukizifyeka, vuli ya Oktoba inazirudisha. Wako wanaopitisha haro wakaugeuza udongo wote, shamba likabaki jekundu na safi. Marehemu baba mkwe aliikataa haro maisha yake yote, na alikuwa na haki: mizizi ya mchungwa inayotafuta chakula ipo karibu na uso wa udongo, na haro huikatakata. Nyasi zifyekwe, zilale palepale, zifunike ardhi isikauke. Jembe la mkono lipalilie chini ya kila mti, basi.

Kwa miaka mingi tulifyeka kwa vibarua. Siku hizi vijana wa kazi hiyo wamepungua, wengi wamehamia kwenye bodaboda, na waliobaki wanaogopa nyoka, nami siwalaumu. Kibarua wetu mmoja aligongwa na nyoka mguuni katikati ya magugu. Tulimkimbiza hospitali, akapona, lakini tangu hapo mama mkwe hakutaka tena kumtuma mtoto wa mtu kwenye nyasi ndefu. Hapo ndipo neno la mashine lilipoingia nyumbani.

Trekta tunalo, Massey Ferguson 135 la injini ya Perkins ya silinda tatu, nguvu za farasi kama 45, ambalo kazi yake ilikuwa kuvuta tela la machungwa hadi barabarani. Kwa nguvu hizo linamudu vizuri fyekeo lenye upana wa mita moja na nusu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye dereva wake. Yeye ndiye aliyesikia kwamba upande wa Korogwe, kwenye yadi ya shamba la mkonge lililofungwa, kuna fyekeo la namna hiyo linauzwa. Ukanda wetu huu ndiko Mjerumani Richard Hindorf alikouleta mkonge mwaka 1893, akaanza na miche 62 tu iliyosalimika safarini, na popote mkonge ulipostawi kisha ukadorora, vyuma vimebaki. Matela, vichwa vya injini, reli za troli, vyote vimesimama kwenye majani vikisubiri dalali.

Tulikwenda na mjomba wa mume wangu, mdogo wake mama mkwe, fundi aliyestaafu baada ya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge tangu ujana wake. Alibeba gunia lenye spana, nyundo, tochi na kipande cha waya. Mimi nilibeba pesa, kwa sababu hesabu za machungwa ziko mikononi mwangu.

Fyekeo lilikuwa limepakwa rangi nyekundu mpya. Dalali alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama," akaanza kusifu. Mjomba hakuitazama rangi. Alizunguka akigonga bati la juu kwa nyundo, taratibu, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Palipo na ufa sauti inakufa. Ilikufa karibu na miguu ya gia boksi. Akaikwangua rangi pale, tukaona mshono wa kuchomelea, na juu yake kipande cha chuma kilichoongezwa kwa nguvu. "Huyu aliyechomelea alijua kazi," akasema. "Ufa si neno. Mbaya ni ufa uliofichwa kwa rangi bila kuchomelewa."

Kisha akaomba mashine inyanyuliwe. Trekta la yadi likaiinua kwa mikono yake mitatu, ule mfumo wa Harry Ferguson ambao leo unabeba karibu kila zana ya trekta duniani. Dalali akamwambia ainame aangalie. Mjomba akakataa kuingiza hata kidole mpaka yaletwe magogo yawekwe chini ya bati. Mashine ya aina hii ina uzito wa karibu kilo 300, na mpira mmoja wa haidroliki ukipasuka inashuka yote. Tulisubiri magogo. Dalali aliona tunampotezea muda, ila mama mkwe alikwisha tandika kanga yake chini ya mwarobaini, amekaa.

Chini ya bati ndiko ukweli ulikokuwa. Pale katikati kuna sahani nene ya chuma iliyobinuka kama bakuli, kazi yake ni kuteleza juu ya kisiki badala ya kukikamata. Pembeni mwa sahani visu viwili vimefungwa kwa bolti moja moja, vikining'inia huru, ili kisu kikigonga jiwe kijikunje nyuma. Mjomba alivisukuma kwa mkono. Kimoja kilicheza, cha pili kiliganda kwa kutu. Tena kimoja kilikuwa kipya na kingine kimeliwa hadi nusu ya upana wake. Visu hivi hubadilishwa viwili kwa pamoja, kwa uzito uleule. Vikipishana, mashine yote inatetemeka, na mtetemo huo ndio unaoua beringi na sili.

Juu ya sahani, kwenye shafti inayotoka ndani ya gia boksi, alikuta nyuzi za katani zimejizungusha tabaka juu ya tabaka hadi zimekuwa ngumu. Alizikata kwa kisu akizivuta kidogo kidogo. Sili ya chini ilikuwa imekwisha, oili inachuruzika. Akafungua kizibo cha gia boksi, akatumbukiza waya, akautoa na oili nyeupe nyeupe: maji yameingia. Akaipaka ile oili kwenye karatasi, akaipeleka juani, akaichunguza kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku ile. Alikuwa anatafuta vipande vya meno ya gia. Alikuta vumbi la chuma, hakukuta vipande. Akaizungusha shafti kwa mkono, mbele na nyuma, sikio kwenye gia boksi. "Meno mazima. Beringi zimechoka, sili zimekufa. Hii inatibika."

Kilichomkasirisha kilikuwa bolti moja. Mahali shafti inapoingia kwenye gia boksi huwa pana bolti laini iliyowekwa makusudi ikatike visu vinapokwama kwenye kisiki, ili gia zisivunjike. Hapo alikuta bolti ngumu. Mtu alichoka kubadilisha bolti akaweka isiyokatika, na tangu siku hiyo kila kisiki kilipiga gia zenyewe. "Bolti ya bei ya soda," mjomba akasema, "wameiokoa, wakaitoa mhanga gia boksi."

Nchi yetu inazijua mashine za mtumba za kusafisha vichaka. Mwaka 1947, Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga kule Kongwa, matrekta mapya hayakupatikana, wakanunua yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino baada ya vita. Mengi yalifika yamechakaa, na visiki vya Kongwa vikayamaliza. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Mjomba aliposema hatanunua chuma asichokiona tumbo lake, nilimwelewa.

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote huo. Mjomba alipoikunjua shafti ndefu inayounganisha trekta na fyekeo, ndipo alipoinuka, akaja, akaishika. "Hii ndiyo inayozunguka?"

"Ndiyo, dada."

"Nguo yake iko wapi?"

Shafti ile inatakiwa ifunikwe kwa mrija wa plastiki kutoka mwisho mpaka mwisho. Shafti inazunguka ndani, plastiki imetulia kwa nje. Hapa ilikuwa chuma kitupu, na krosi zake mbili zimetoa vichwa vya bolti nje. Dalali akacheka kidogo. "Mama, hiyo ni plastiki tu. Wote huitoa. Haifanyi kazi yoyote."

Mjomba akamweleza mama mkwe mbele yetu sote. Kile kishina kinachochomoza nyuma ya trekta, ambacho madereva wanakiita PTO, huzunguka mara 540 kwa dakika. Ni mara tisa kwa sekunde moja. Mzingo wa shafti ile ni kama sentimita 25, maana yake kila sekunde inavuta zaidi ya mita mbili za kitu chochote kinachojishika humo. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu. Inamezwa yote kabla aliyeivaa hajapiga kelele.

Mama mkwe aliangalia kanga zake, moja kiunoni na nyingine mabegani, kisha akaniangalia mimi, na mimi nilikuwa na mtandio shingoni. Katika nyumba yetu wanawake ndio wanaokwenda shambani kuokota machungwa, kupeleka chai, kumwita dereva ale. Anayesimama nyuma ya trekta na nguo inayopepea ni sisi. Naliandika jambo hili kwa uchungu kwa sababu nimezunguka mashamba mengi ya wilaya yetu tangu siku ile, na shafti tupu nimeziona nyingi kuliko zilizofunikwa, na kila mwenye trekta ananijibu kama yule dalali.

Bei ilianza milioni tatu na nusu. Mama mkwe ndiye aliyeongea. Hakupaza sauti. Alihesabu kwa vidole: visu viwili, sili, beringi, oili, bolti, krosi moja iliyolegea, minyororo ya mbele na ya nyuma iliyokatwa, nguo ya shafti. Kila kidole alimuuliza mjomba bei ya kitu hicho, mjomba akataja, mimi nikaandika. Alipomaliza alimpa dalali karatasi. "Baba, haya ni madeni ya mashine yako. Sisi tutayalipa, ila kwa pesa yako." Tulifunga kwa milioni mbili na laki moja, na upakiaji juu yake.

Safari ya kurudi ilikuwa ya lori la Kanta, kupitia Segera, na sina la kusimulia isipokuwa kwamba lango letu lilikuwa jembamba kuliko mashine. Nguzo moja ikang'olewa. Watoto wa jirani wote walikuja kuangalia.

Nyumbani ndiko kazi ilikoanza. Pini za kufungia fyekeo zilikuwa nene, milimita 28, na matundu ya mikono ya trekta letu yanaingiza milimita 22. Mashine ilitoka kwenye trekta kubwa kuliko letu. Ikabidi zikerezwe pini mpya. Mjomba akaifungua gia boksi barazani, juu ya mkeka wa kulalia wageni, na kukinga oili chafu akatwaa sinia langu la pilau. Nilinyamaza kwa heshima yake. Sinia lile nilipewa na mama yangu mzazi, na nimelisugua kwa majivu, kwa limau, kwa maji ya moto, na harufu ya oili ya gia haijatoka. Shafti nayo ilikuwa ndefu mno: ukinyanyua fyekeo, mabomba yake mawili yanayoingiliana yanafika mwisho na kusukuma gia boksi. Mjomba alipima, akakata mabomba yote mawili kwa kipimo kimoja kwa msumeno wa chuma, akahakikisha yanabaki yameingiana vya kutosha yasichomoke shambani.

Visu vipya vilipatikana. Sili zilipatikana. Nguo ya shafti ya kipimo chetu haikupatikana Muheza wala Tanga mjini, ikaagizwa Dar es Salaam. Mama mkwe akasema mashine isizunguke mpaka ifike.

Shemeji ana umri wa miaka ishirini na ushee, na mashine imesimama uani na rangi yake nyekundu. Mama mkwe alipokwenda msibani, na mume wangu yuko kazini, shemeji akafunga shafti tupu ili, kwa maneno yake, aisikie tu. Niliusikia mlio nikiwa jikoni. Nikatoka kumzuia, naye ameshaanza kufyeka nyasi za nyuma ya nyumba. Zilikuwa zinakatika vizuri sana, siwezi kukana, zinalala nyuma yake zimesagika.

Alipofika karibu na banda la kuku alikanyaga klachi ili asimame. Trekta halikusimama.

Hili linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu limeua watu mahali pengine. Matrekta mengi ya zamani yana klachi ya hatua moja: ukiikanyaga unaitenga injini, lakini PTO na magurudumu vinabaki vimeunganika vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya gia. Sahani nzito ya fyekeo na visu vyake inakuwa bado inazunguka kwa kasi, ncha za visu zinakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na nguvu hiyo inarudi kupitia shafti na kuyasukuma magurudumu. Dereva amekanyaga klachi hadi chini, injini haivuti, na trekta linaendelea kwenda. Shemeji alishika usukani kwa mikono miwili akiwa ameduwaa, na mguu wa breki ulichelewa.

Banda la kuku lilikwenda. Kuku walitawanyika, wawili hawakuwahi. Baada ya banda ikafuata kamba ya kuanikia nguo, ambayo siku ile ilikuwa imejaa. Bomba la moshi, lililosimama wima mbele yake, ndilo lililoikamata kamba kabla haijamfika shingoni, nami namshukuru Mungu kila nikilikumbuka. Kamba ikakatika, nguo zikamwangukia begani na nyuma yake, kati ya trekta na fyekeo. Pale pana shafti.

Kanga ya mama mkwe ilikuwapo kwenye kamba ile. Niliiona ikiteleza kutoka kwenye bega la shemeji, pembe yake ikagusa krosi, na sikuiona tena. Hapakuwa na mvutano wala mlio. Ilikuwapo, kisha pale kwenye shafti pakawa na kifundo kinachozunguka. Mjomba alikuwa amesema chini ya sekunde moja. Ndivyo ilivyokuwa.

Trekta lilisimama kwenye ukuta wa jiko la nje, likiwa limeishiwa na msukumo. Shemeji alizima injini na kubaki amekaa. Nilimwita, hakujibu, nikamwendea nikamshika mkono akashuka.

Mama mkwe alirudi jioni. Hakuuliza kuhusu banda, wala kuku, wala ukuta uliopata ufa. Alikwenda moja kwa moja kwenye shafti, akakishika kile kifundo, akajaribu kukifungua kwa vidole, kikakataa. Ikabidi kikatwe kwa kisu, vipande vipande. Kisha akanyoosha mkono kwa shemeji, "Lete ufunguo, mwanangu." Akaupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga aliyoivaa, mahali anapofungia pesa, na tangu siku hiyo ufunguo wa trekta haujalala penye msumari wake.

Mume wangu alirudi akiwa na hasira ya kuuza mashine yote. Nilimpinga, tena mbele ya mama yake, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara. Mashine ilikuwa imekatwa bei kwa haki, imekaguliwa kwa haki, nayo inafyeka. Kilichokosekana kilikuwa kwenye orodha yangu, kwa mwandiko wangu, na pesa yake tulikuwa tumekwisha punguziwa. Kuuza kungempelekea mwanamke wa nyumba nyingine shafti ileile tupu. Mama mkwe akasema, "Mkwe wangu amesema," na mjadala ukaisha hapo.

Mjomba alikuja na dawa ya lile la klachi. Kuna kiungo kinachovaliwa kwenye PTO kabla ya shafti, nacho kinashika upande mmoja tu, sawa na frihwili ya baiskeli: ukikanyaga pedeli gurudumu linakwenda, ukiacha kukanyaga gurudumu linaendelea na miguu yako inatulia. Trekta linazungusha fyekeo. Fyekeo haliwezi kulizungusha trekta. Ni kidude cha kushika kwa mkono mmoja, na pesa yake niliitoa kwenye mgawo wangu wa vikoba. Kwa kuwa kinaongeza urefu, shafti ilipimwa upya na kukatwa tena. Minyororo ilifungwa mbele na nyuma ya bati, maana jiwe likitupwa na visu vile linaweza kumfikia mtu aliye mbali sana. Nguo ya shafti ilipofika kutoka Dar es Salaam, ya rangi ya manjano, mama mkwe aliivuta, akaizungusha, akaufunga mwenyewe mnyororo wake mdogo unaoizuia isizunguke pamoja na shafti.

Siku ya kufyeka yeye ndiye aliyepanga nani akae wapi. Watoto ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Wanawake hakuna kwenda shambani mpaka injini izimwe. Chai itapelekwa baadaye, hata ikipoa. Dereva kabla ya kushuka azime PTO, azime injini, asubiri visu vitulie. Shemeji alirudia maagizo yote kwa sauti, kisha akafunguliwa pindo. Alifyeka toka asubuhi hadi adhuhuri, mstari kwa mstari, kwa gia ya chini, na alipofika mwisho wa kila mstari alikanyaga klachi na trekta likasimama.

Kuku wawili wamelipwa. Shemeji alileta watatu. Ukuta wa jiko umezibwa. Jirani amekuja kuazima mashine, mama mkwe akamuuliza kwanza trekta lake lina klachi ya aina gani, naye amekwenda kuuliza. Gurudumu dogo la nyuma ya fyekeo bado linayumba, bushi yake imeliwa. Mjomba anasema itakerezwa Korogwe tukishauza machungwa ya msimu huu.